Plastiki Iyeyukayo na Plastiki Isiyoyeyuka: Somo Kutoka Embu na Meru

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Tunamshukuru Mola aliyetuneemesha kwa akili, akatufundisha tuliyokuwa hatuyajui, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu, na hasa mama zangu na dada zangu mnaolipokea jarida hili kila wiki, mmezoea kunisoma nikizungumzia malezi, mirathi, adabu za ndoa na haki za jirani. Wiki hii naomba ruhusa nizungumzie plastiki. Huenda mmoja wenu akasema, "Leo sheikh amekosa la kusema." La hasha. Ninayoyaandika hapa nimeyachuma katika safari ya kwenda bara, na yaliyonisukuma kuyaandika ni machozi ya mama mmoja.

Nilialikwa Meru kuhudhuria walima wa jamaa yetu. Njia ya huko, ukishaiacha Nairobi, hupitia Embu, Chuka na Nkubu, mlima Kenya ukiwa mkono wako wa kushoto. Nikashuka Embu kuwajulia hali watu wa nyumba moja ya Kiislamu tuliyo na udugu nayo. Nikamkuta mtoto wao wa kiume, umri wake miaka tisa, amelala na mguu umefungwa bendeji.

Habari yake ni fupi. Nyuma ya nyumba palikuwa na takataka zikichomwa. Watoto wakachukua kipande cha jerikeni kuukuu, wakakichomeka kwenye kijiti, wakakiwasha. Kila mtoto aliyekulia katika miji yetu anaujua mchezo huo: plastiki huwaka huku ikidondoka matone ya moto, na kila tone likishuka hulia kwa sauti inayowafurahisha watoto. Tone moja likaanguka juu ya unyayo wa kijana huyu. Mama yake akaja mbio, akaona kitu cheusi kimeganda kwenye ngozi ya mwanawe, akakibandua kwa vidole. Kikatoka, na ngozi ikatoka nacho.

Aliponisimulia, alinitazama usoni akaniuliza, "Sheikh, si mimi niliyemuunguza mara ya pili? Nina dhambi?"

Nikamwambia, "Mama, huna dhambi. Ulitenda kwa huruma ya mzazi, na hukujua. Lakini elimu ikishatufikia, hatuna tena udhuru wa kutojua."

Maneno hayo nilimwambia yeye, na njiani yakanigeukia mimi mwenyewe. Nilijua nini mimi juu ya kitu hiki kinachodondoka kama nta na kugandamana na mwili wa mtoto? Nimekaa na plastiki nyumbani mwangu maisha yangu yote, nami sijawahi kuiuliza asili yake.

Fundi wa Gakoromone

Nilipofika Meru, mwenyeji wangu alikuwa katika pilikapilika za walima. Siku ya pili alimtuma mwanawe sokoni Gakoromone kupeleka vyombo vikatengenezwe, nami nikafuatana naye ili ninyooshe miguu. Kijana alibeba beseni kubwa lililopasuka, jerikeni iliyokuwa ikivuja, sahani ya melamini iliyomeguka ukingo, na kifuniko cha sufuria ambacho kishikio chake cheusi kilikuwa kimevunjika vipande viwili.

Fundi alikuwa amekaa kando ya jiko la makaa, ndani yake kuna kipande cha chuma bapa. Akalipokea beseni, akalikagua, akatafuta katika gunia lake kigae cha beseni jingine la namna ileile. Akakitoa chuma motoni, akakipitisha pembezoni mwa ufa. Plastiki ikalainika kama samli. Akakiyeyusha na kile kigae, akavikandamiza pamoja, akalainisha juu kwa mgongo wa kisu. Baada ya muda mfupi beseni lilikuwa zima. Jerikeni nayo akaifanyia hivyohivyo, ila kiraka chake alikitoa kwenye jerikeni nyingine. Nikamuuliza mbona hatumii kile kigae cha kwanza kilichobaki. Akasema, "Mzee, hizi hazishikani hivihivi. Ya ndoo kwa ndoo, ya jerikeni kwa jerikeni."

Kisha kijana akampa kishikio cha kifuniko na sahani. Fundi akatikisa kichwa. Ili kuniridhisha, akakigusisha kishikio kwa chuma cha moto. Hakikulainika hata chembe. Kilitoa harufu kali, pakabaki alama ya kuungua. Akakirudisha, akasema neno ambalo nimeliweka moyoni: "Hii imeshaiva, mzee. Kilichoiva hakirudi kuwa kibichi."

Fundi yule hakunitajia jina la kitaalamu hata moja. Lakini niliporudi na kuwauliza wenye elimu ya kemia, na kusoma kidogo niliyoweza kuyasoma, nilikuta kwamba sentensi yake ndiyo mlango wa elimu yote hii.

Jamii mbili za plastiki

Wataalamu wanazigawa plastiki katika jamii mbili kubwa. Ya kwanza huitwa themoplastiki. Hii ni ile iliainikayo kwa moto na kuganda ikipoa, na unaweza kuiyeyusha tena na tena. Ya pili huitwa themoseti. Hii hulainika mara moja tu, kiwandani, inapotiwa katika kalibu. Ikishakauka na kushika umbo, moto hauilainishi tena, na ukizidi huiunguza ikawa kaa.

Akina mama hawahitaji mfano wa mbali. Chukua samli: ikipata moto huyeyuka, ikipata baridi huganda, na ukirudia mara kumi itabaki kuwa samli. Hiyo ndiyo themoplastiki. Sasa chukua unga uliokandwa ukaoka mkate, au yai ukalichemsha. Je, ukilitia tena motoni yai lililochemshwa litarudi kuwa maji? Halirudi. Ukizidisha moto litaungua. Hiyo ndiyo themoseti. Mfinyanzi naye anayajua haya: udongo mbichi unaurudisha katika maji ukaufinyanga upya, lakini chungu kilichokwisha kuchomwa kikivunjika hubaki vigae.

Kwa nini iwe hivyo? Plastiki zote zimefanywa kwa chembe ndogo mno zilizoungana zikawa minyororo mirefu. Mfikirie mtu aliyejaza tasbihi mia moja ndani ya kisanduku. Kila tasbihi ni uzi wake peke yake. Zimelaliana na kusokotana, lakini hakuna uzi uliofungwa kwenye uzi mwingine. Ukikitikisa kisanduku, zitateleza, zitasogea, zitachukua umbo jipya. Joto ndilo mtikiso huo. Themoplastiki ni minyororo iliyolaliana tu, na ikipata joto la kutosha huteleza, plastiki ikalainika.

Sasa ufikirie wavu wa mvuvi. Nao ni nyuzi, lakini kila zinapokutana pana fundo. Ukiutikisa utatikisika wote kwa pamoja, wala uzi mmoja hauwezi kuteleza ukaenda zake. Themoseti imefungwa mafundo hayo baina ya mnyororo na mnyororo, na mafundo yenyewe ni imara sawa na nyuzi. Joto haliyafungui. Likizidi sana hukata mafundo na nyuzi pamoja, na hapo plastiki haiyeyuki bali huharibika.

Hapo ndipo nilipoelewa beseni lilivyozibika na kishikio kilivyokataa. Na hapo ndipo nilipoelewa tone lililomuunguza mtoto wa Embu. Jerikeni ni themoplastiki, na ikiwaka huyeyuka kwanza, ikadondoka hali ya kuwa ni moto na gundi kwa wakati mmoja.

Majina yake na viwango vyake vya joto

Katika nyumba zetu, themoplastiki ndizo nyingi zaidi. Mifuko na karatasi laini tunazoziita "nailoni" aghalabu si nailoni hata kidogo, bali ni polithini. Nailoni ya kweli ni ndugu yake mwingine, aliyegunduliwa Marekani mwaka 1935, naye tunamkuta katika kamba, nyuzi za kuvulia na soksi. Polithini yenyewe iligunduliwa Uingereza mwaka 1933.

Polithini laini huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 105 hadi 115 za Selsiasi. Polithini ngumu ya jerikeni na ya matangi ya maji huyeyuka karibu na nyuzi 130. Polipropilini, ambayo hufanyiwa vyombo vingi vya kuhifadhia chakula, huyeyuka karibu na nyuzi 160. Chupa za maji na soda hufanywa kwa plastiki iitwayo PET, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 250 hivi. Lakini chupa hizo huanza kulegea mapema zaidi, na ndiyo sababu ukitia maji yaliyochemka chupa hujikunja na kusinyaa mbele ya macho yako.

Mara nyingi chini ya chombo utaona pembetatu ya mishale na ndani yake tarakimu. Nambari 1 ni PET, 2 ni polithini ngumu, 3 ni PVC, 4 ni polithini laini, 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini. Zote sita ni themoplastiki. Nambari 7 ni kapu la zilizobaki zote. Tahadhari, dada yangu: nambari hiyo inakwambia chombo ni cha plastiki gani. Haikwambii kwamba chombo ni salama kwa kila chakula na kwa kila joto.

Themoseti nazo hatuzikosi. Mzee wao ni Bakelite, aliyoivumbua Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, mwaka 1907. Simu nyeusi za zamani, redio za babu zetu, vishikio vya sufuria na pasi, vyote vilifanywa kwa plastiki ya jamii hiyo, kwa sababu haiyeyuki ikikaribia moto na haipitishi umeme. Sahani za melamini zilizojaa makabatini mwetu ni themoseti pia. Gundi za epoksi, zile za mirija miwili inayochanganywa, ni themoseti inayoiva mkononi mwa fundi. Boti za faibaglasi zinazopita katika bahari yetu zimeshikwa na utomvu wa jamii hiyohiyo.

Hata mpira wa gurudumu umo katika ukoo huu. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira wa utomvu wa mti ukipikwa pamoja na salfa huacha kunata wakati wa joto na kupasuka wakati wa baridi. Salfa ndiyo iliyofunga mafundo baina ya minyororo. Ndiyo maana tairi kuukuu haliyeyushwi likawa tairi jipya. Mafundi wetu waliijua hikima hii bila ya vitabu: jerikeni waliiyeyusha, tairi wakalikata kwa kisu wakafanya akala.

Mkesha wa walima

Sasa turudi Meru, usiku wa kuamkia walima. Nyuma ya nyumba masufuria makubwa ya pilau yalikuwa juu ya kuni, na mpishi mkuu, mama mwenye sifa katika mtaa mzima, alikuwa akijitayarisha kupalia makaa juu ya vifuniko. Nikamwona akikunjua karatasi kubwa ya nailoni aifunike sufuria chini ya kifuniko, ili mvuke usitoke na wali uive upesi. Jambo hili si la Meru pekee. Nimeliona katika harusi za kwetu pwani, na katika mikahawa ya mijini, tena kwa wapishi hodari.

Kwa kuwa nilikuwa nimetoka sokoni siku hiyohiyo, sikuweza kunyamaza. Nikamwambia, "Mama, samahani, naomba nikuulize. Nailoni hiyo haiyeyuki?"

Akanijibu kwa upole, "Sheikh, nimepika hivi miaka mingi. Mvuke hauiyeyushi."

Naye kwa upande mmoja alisema kweli. Mvuke wa maji yanayochemka haupiti nyuzi 100, na katika nyanda za juu kama Meru maji huchemka hata kabla ya kufika hapo. Polithini laini haiyeyuki kwa mvuke huo. Lakini kuna mambo mawili.

La kwanza, ukingo wa sufuria unaolambwa na ndimi za moto, na kifuniko chenye makaa mekundu juu yake, havina joto la mvuke bali la chuma kilichokaangwa. Nailoni ikigusa hapo huyeyuka na kudondokea wali. La pili, kutoyeyuka si dalili ya usalama. Viwandani plastiki hutiwa rangi na viungo vingine vya kuilainisha au kuihifadhi, na viungo hivyo huweza kuhamia katika chakula. Huhama zaidi chakula kikiwa cha moto, chenye mafuta, na kikikaa muda mrefu. Pilau ina sifa zote tatu. Tena karatasi iliyonunuliwa ya kufunikia bidhaa au shamba haikutengenezwa kwa ajili ya chakula, wala aliyeitengeneza hakudhamini kwamba italiwa pamoja na wali.

Mpishi alinyamaza kidogo. Ndipo bibi mmoja mkongwe, aliyekuwa akichambua vitunguu, akasema, "Sisi zamani tulifunika kwa majani ya mgomba." Migomba ilikuwa hatua chache kutoka pale. Watoto wakatumwa, majani yakaletwa, yakapitishwa juu ya moto yalegee, yakafunikwa. Pilau iliiva, wageni walikula, na hakuna aliyelalamika kwamba wali haukuiva.

Nikakumbuka kwamba mirungi inayoteremshwa kutoka milima ya Nyambene nayo hufungwa kwa majani hayohayo ya mgomba ili isikauke. Hukumu ya mirungi ina makala yake, na leo si siku yake. Nililolizingatia ni kwamba watu wanaojua kuhifadhi jani la biashara kwa jani la mgomba hawashindwi kuufunika wali wao.

Tuyatazame majiko yetu

Baada ya safari ile nimeingia jikoni mwangu kama mgeni, nikavitazama vyombo kimoja kimoja. Haya ndiyo niliyokubaliana na mama watoto, nami nawaletea kwa nasaha.

Mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 170 na zaidi. Kijiko, kichujio au bakuli la polipropilini likiingia humo limepita kiwango chake cha kuyeyuka. Tutumie mwiko wa mti au kichujio cha chuma. Chai na uji wa moto visitiwe katika mifuko laini wala chupa za maji zilizokwisha kutumika. Chakula tukingoje kipoe kabla ya kukifungia katika chombo cha plastiki.

Sahani ya melamini haiyeyuki, na kwa sababu hiyo watu huidhania inastahimili kila kitu. Inafaa kupakulia chakula na kulia, lakini si chombo cha kupikia wala kupashia moto. Joto kali, hasa pamoja na vitu vichachu kama ndimu, ukwaju na nyanya, hufanya sehemu ya melamini iingie katika chakula. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huwashauri watu wasipashe chakula kwa mikrowevu katika vyombo vya melamini. Sahani iliyochakaa, iliyopasuka au kukwaruzika sana, tuistaafishe.

Kisha kuna jiko la makaa. Katika baridi ya Meru na Embu, kama katika asubuhi za mvua huku kwetu, mama huona makaa hayashiki, akachukua mfuko au kipande cha ndoo akawashia. Plastiki huwaka upesi, hilo ni kweli, kwani asili ya nyingi ni mafuta na gesi ya ardhini. Lakini moshi wake huingia katika vifua vya mama na mtoto aliyembeba mgongoni. PVC, ambayo ni plastiki ya mabomba na ya maganda ya nyaya za umeme, ikiungua hutoa gesi yenye tindikali inayochoma macho na koo, na pamoja nayo sumu ziitwazo dioksini. Wala themoseti si nafuu: haidondoki matone, lakini ikiungua hutoa moshi wenye madhara yake. Basi tuwashe kwa vibanzi vya kuni, maganda ya mahindi au vifuu vya nazi.

Na ikitokea ajali kama ya Embu, Mungu apishe mbali, tufanye hivi. Tuimwagie sehemu iliyoungua maji baridi yanayotiririka, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Plastiki iliyoganda kwenye ngozi tusiibandue, tuwaachie waganga. Tusipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Tufunike kwa kitambaa safi kisichonata, tumpeleke mgonjwa hospitali. Mama yule aliniruhusu nisimulie kisa chake kwa sharti moja: kwamba niandike wazi neno hili la kutobandua.

Kinachorudi na kisichorudi

Ziko faida nyingine za kuijua tofauti hii. Kwa kuwa themoplastiki huyeyushika, nyingi zinaweza kurudishwa kazini. Katika vijiji vya Meru maji hushushwa kutoka mlimani kwa mabomba, na mabomba ya polithini huunganishwa kwa kuyeyushwa ncha mbili zikashikana kama kitu kimoja. Katika upande wa Mbeere, ambako mvua ni haba, tangi la polithini lililopasuka huzibwa kwa ujuzi uleule wa fundi wa Gakoromone.

Na huku kwetu, nani asiyeijua jahazi ya Flipflopi? Iliundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda, urefu wake mita 9, ikashushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 ikasafiri mpaka Zanzibar. Mbao zake ni plastiki iliyookotwa, ikayeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Lakini kandambili zipatazo 30,000 zilizoipamba hazikuyeyushwa. Zilikatwa na kubandikwa juu ya ubao. Povu la kandambili nyingi limefungwa mafundo kama yale ya themoseti, kwa hiyo njia yake ni ya akala, ya kisu na gundi. Nairobi nako, Nzambi Matee ameyeyusha plastiki akaichanganya na mchanga akafanya matofali ya kutandika chini, na mwaka 2020 akatunukiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa.

Serikali imefanya yake. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya, na anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kufungwa hadi miaka 4. Sheria ya mwaka 2022 juu ya usimamizi wa taka inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Lakini kabla ya sheria ya serikali tulikuwa na mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.): kwamba haifai kudhuru wala kudhuriana, na kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Chupa iliyotupwa katika mto wa Embu haiozi. Huteremka na maji, na mwisho wa mito ile ni Tana, na mwisho wa Tana ni bahari yetu. Jirani wa mtu wa mlimani ni mvuvi wa Kipini.

Namalizia na jambo la kazi yangu, nalo ni malezi. Wahenga wetu walisema udongo uwahi ungali maji, na samaki mkunje angali mbichi. Niliposikia neno la fundi kwamba kilichoiva hakirudi kuwa kibichi, niliyaona maneno ya wahenga yakisimama mbele yangu. Mtoto ana wakati wake wa kulainika. Adabu, sala, ukweli na huruma zikimkuta katika kalibu, ataganda nazo. Basi mzazi asiahirishe.

Lakini sitaki mzazi aliyechelewa akate tamaa kwa mfano wangu. Kishikio cha sufuria hakina toba, na binadamu anayo. Mlango wa Mola wetu uko wazi kwa kijana na kwa mzee, na moyo ulioganda miaka hamsini huweza kulainika kwa usiku mmoja wa kulia mbele Yake.

Nilipokuwa nikirudi nilipita tena Embu. Mguu wa kijana ulikuwa umeanza kupona. Nyuma ya nyumba pale palipokuwa pakichomwa taka, mama yake alikuwa ameweka magunia mawili, moja la plastiki za kuuza kwa wakusanyaji, jingine la maganda ya jikoni. Yeye mwenyewe alikuwa akiwaeleza watoto wa jirani tone lile ni nini, na kwa nini haliguswi.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atulindie watoto wetu. Amin.